Hati za Wazungu: Ardhi ya Meru, Mitaa ya Kansas City

Desemba 1952 mashauri mawili ya watu weusi yalisikilizwa Marekani. Mjini Washington, Mahakama ya Juu ilikuwa ikisikiliza kwa mara ya kwanza hoja za wazazi weusi waliodai watoto wao wasitengwe shuleni na watoto wa Kizungu. New York, kwenye Umoja wa Mataifa, Kirilo Japhet, Mmeru kutoka Tanganyika, alikuwa akieleza jinsi serikali ya Kiingereza ilivyowatimua watu wake Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Shauri la Washington linafundishwa mpaka leo dunia nzima. La New York limebaki zaidi vinywani mwa wazee wa Meru.

Kwa kawaida ubaguzi wa rangi tunaupima kwa matusi na dharau. Lakini hakuna aliyetajirika kwa kumtukana mwenzake. Upendeleo wa Mzungu, huku Meru na kule Marekani, ulijengwa kwa ramani, hati, sheria na mikopo, ndiyo maana umeishi muda mrefu kuliko watu waliouanzisha.

1896–1914: Bunduki, kisha kamba ya mpimaji

Mambo yalianza kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri walikokuja kufungua misheni. Kapteni Johannes wa Kijerumani, aliyekuwa akitawala kutoka Moshi, akapanda na askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichagga. Migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa hapo, pamoja na viongozi wengine wa eneo la Kilimanjaro na Meru. Mangi Lobulu wa Meru alikuwa miongoni mwao. Wakati huo Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilikuwa likijengwa kwa nguvu za watu waliolazimishwa kubeba mawe.

Baada ya bunduki ikaja kamba ya mpimaji. Kuanzia mwaka 1905 hivi serikali ya Kijerumani ilianza kugawa ardhi ya chini ya mlima kwa Makaburu, wakulima wa Kizungu waliotoka Afrika Kusini baada ya kushindwa na Waingereza. Wengi wao walikuwa maskini hasa, watu wa gari la kukokotwa na maksai, wake na watoto wakiwa juu ya mizigo. Wakafuatiwa na Wajerumani waliokuwa wakiishi Urusi, ambao baadhi yao walipewa mashamba Leganga.

Hapo ndipo upendeleo wa rangi unapoonekana bila kificho. Kaburu aliyefika Arusha hana kitu alipewa shamba kubwa kuliko eneo la ukoo mzima wa Kimeru, na sifa yake kubwa ilikuwa ngozi. Mwaka 1935 mwanazuoni mweusi wa Marekani, W.E.B. Du Bois, alieleza jambo la namna hiyo kuhusu Wazungu maskini wa majimbo ya kusini: ujira wao ulikuwa mdogo, lakini juu yake walilipwa heshima na nafasi ambazo mtu mweusi hakupewa. Meru malipo hayo ya ziada yalikuwa ardhi na maji.

Ilipofika mwaka 1914 mashamba ya walowezi yalikuwa yameufunga mlima kwa chini. Kwa juu kulikuwa na msitu wa serikali. Wameru na Waarusha wakabanwa katikati na migomba yao, na kila walipotaka kupeleka ng'ombe kwenye malisho ya tambarare au kwenye magadi, njia ilipita kwenye shamba la mtu mwenye hati.

1916–1945: Mwenye hati na asiye na hati

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani. Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza kama nchi ya udhamini, kwa sharti kwamba maslahi ya wenyeji yalindwe. Wameru walitegemea mashamba ya Wajerumani yarudi kwao. Sehemu ndogo ilirudi. Iliyobaki ilihesabiwa kuwa mali ya adui, ikauzwa kwa walowezi wapya, wakiwemo Wagiriki na Waingereza. Kule Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, Wameru walijichanga wakanunua mashamba mawili, namba 31 na namba 328. Ardhi waliyoijua kwa miaka mingi waliilipia kwa fedha.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikatangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Mlowezi aliweza kupewa haki ya kumiliki kwa maandishi, hadi miaka 99. Mwafrika aliendelea kukaa kwa mila: kihamba chake, shamba la migomba la familia, kilijulikana na majirani na mshili wake, kiongozi wa ukoo, lakini hakikuwa na karatasi. Tofauti hiyo ilizaa nyingine. Mwenye hati aliweza kuiweka rehani akakopa, akanunua trekta, akachimba mfereji. Asiye na hati alibaki na jembe lake. Baada ya miaka ishirini mgeni aliyepita barabarani aliona shamba la Mzungu limestawi na la Mmeru limechoka, akasema Mzungu anajua kulima.

Mjini nako mambo yalipangwa kwa rangi. Reli ilifika Arusha mwaka 1929 na mji ukakua: Wazungu wakakaa Uzunguni penye miti na hewa, Wahindi kwenye maduka, Waafrika kwenye mitaa kama Kaloleni. Mwaka 1934 ilifunguliwa Shule ya Arusha kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Watumishi wa serikali walilipwa kwa ngazi za rangi, na hospitali zilitenga wagonjwa vivyo hivyo. Hakuna karani aliyelazimika kumchukia Mwafrika ili mambo haya yaende. Ilitosha ajaze fomu.

1946–1951: Ramani ya Jaji Wilson

Vita ya pili ilipokwisha serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze tatizo la ardhi ya Arusha na Moshi. Kwenye taarifa yake alikiri kwamba wenyeji wamebanwa. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kuipanga upya ramani: baadhi ya mashamba yarudishwe kwa Waafrika, lakini eneo lote kati ya Meru na Kilimanjaro, lile la Sanya, liwe la Wazungu mfululizo kwa ajili ya ufugaji wa kisasa. Wameru wa Ngarenanyuki walikaa katikati ya eneo hilo. Wakatakiwa wahamie Kingori.

Wameru waliijua Kingori. Ni nchi ya chini, yenye joto, na mifugo iliogopewa kufa huko kwa mbung'o na ndigana kali. Serikali iliahidi maji, barabara na fidia. Wao wakakataa kuhama, wakakataa na fidia, kwa sababu kupokea fidia kungekuwa kukubali kwamba wameuza.

Novemba 1951, chini ya Gavana Edward Twining, operesheni ikaanza. Polisi walifika na vibarua kutoka nje ya Meru. Vyombo vilitolewa nje, nyumba zikatiwa moto pamoja na maghala, na mifugo ikaswagwa kuelekea Kingori. Watu wapatao 3,000 waliondolewa ili yapatikane mashamba 13 ya Wazungu. Wengi hawakwenda walikopelekwa. Walijibanza kwa ndugu zao kwenye vihamba vya juu ambavyo tayari vilikuwa havitoshi.

1952: Mmeru mbele ya mataifa

Serikali haikutegemea kitakachofuata. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mkataba wa udhamini uliitaka Uingereza iheshimu haki za wenyeji katika ardhi. Taratibu za udhamini pia zilimruhusu mwananchi yeyote kupeleka malalamiko New York. Wameru, kupitia chama chao cha Meru Citizens Union, wakachangishana. Wakamtafuta mwanasheria Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi na ambaye baadaye alikuwa jaji Tanzania. Wakamtuma pamoja naye Kirilo Japhet.

Katikati ya mwaka 1952 shauri lilifika Baraza la Udhamini. Baraza lilisikitika, likaitaka Uingereza itafute njia ya kuwapoza watu, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Desemba likapelekwa mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Kirilo akaeleza mwenyewe yaliyotokea, na wajumbe wa nchi nyingi, hasa zilizokuwa zimeonja ukoloni, wakamwelewa. Kamati ikapitisha azimio kwa wingi wa kura kwamba Wameru warudishiwe ardhi yao. Lakini kwenye Baraza Kuu lenyewe zilihitajika theluthi mbili ya kura. Hazikupatikana.

Mahali penyewe palikuwa na kejeli yake. Mkuu wa idara ya udhamini ya Umoja wa Mataifa, aliyeshughulikia malalamiko ya nchi kama Tanganyika, alikuwa Ralph Bunche, Mmarekani mweusi aliyepata Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1950. Mwaka 1949 Bunche alikuwa amekataa cheo kikubwa katika wizara ya mambo ya nje ya nchi yake, kwa sababu hakutaka kuilea familia yake Washington, mji uliotenga watu kwa rangi. Na Desemba hiyohiyo serikali ya Marekani iliiandikia Mahakama ya Juu kwamba ubaguzi wa nyumbani unaitia aibu mbele ya mataifa. Ilikuwa imeanza kuona kwamba watu kama Kirilo wanaangalia.

1953–1961: Kura kwa rangi, uraia bila rangi

Kirilo alirudi bila ardhi, lakini hakurudi mikono mitupu. Kisa cha Meru kilienea nchi nzima. Watu wa Usukuma na wa pwani, ambao hawakuwahi kuuona Mlima Meru, wakajua kwamba serikali inaweza kushtakiwa ughaibuni, na kwamba wanaoshtaki peke yao watashindwa. Tarehe 7 Julai 1954, chini ya miezi miwili baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, chama cha TANU kilizaliwa kudai uhuru. Machi 1955 kiongozi wake, Julius Nyerere, alisimama New York kwenye Baraza la Udhamini, njia aliyoipita Kirilo.

Twining alijibu kwa hesabu. Kwenye Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955 wajumbe wasio wa serikali waligawanywa kumi kumi kumi: Waafrika, Waasia na Wazungu. Wazungu wa Tanganyika walikuwa elfu ishirini hivi, Waafrika zaidi ya milioni nane. Mpango huo uliitwa usawa. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimtaka kila mpigakura ampigie mtu mmoja wa kila rangi. Januari 1958, kwenye mkutano wa Tabora, TANU ilivutana vikali, kisha ikaamua kushiriki na kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo. Ikafagia viti.

Wakati huohuo Hollywood ilifika mlimani. Mwishoni mwa 1960 John Wayne na mwongozaji Howard Hawks walipiga filamu ya *Hatari!* huko Momella, jirani kabisa na Ngarenanyuki. Filamu ilipotoka mwaka 1962 dunia iliona nyanda za Meru zimejaa twiga, vifaru na mashujaa wa Kizungu, na Waafrika wakiwa nyuma yao kama wasaidizi. Mtazamaji wa Chicago asingejua kwamba miaka tisa kabla ya filamu kupigwa, mwendo mfupi kutoka hapo, nyumba zilichomwa. Mwigizaji mwenzake Wayne, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella akanunua shamba. Wayne mwenyewe mwaka 1971 aliliambia jarida la Playboy kwamba anaamini Wazungu waendelee kuwa juu mpaka weusi waelimike. Alisema waziwazi jambo ambalo filamu ilikuwa imelionyesha bila maneno.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Wengi wao walikuwa na machungu ya kweli. Nyerere alisimama akasema kwamba kubagua watu kwa rangi ndicho kitu ambacho TANU ilipigana nacho, na kwamba yeye na serikali yake watajiuzulu kuliko kukiingiza kwenye sheria. Muswada ukapita bila rangi. Ngarenanyuki nako mpango wa mashamba 13 haukufanikiwa kama ulivyotangazwa, na hatimaye Wameru wakarudi.

1934–1970: Kansas City

Kule Marekani, mji wa Kansas City haukuhitaji askari kuchoma nyumba. Mwanzoni mwa karne ya 20 J.C. Nichols, mjenzi mashuhuri wa mitaa ya huko, aliuza viwanja kwa mikataba iliyomkataza mnunuzi kuuza au kupangisha kwa mtu mweusi. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilianza kudhamini mikopo ya nyumba. Ramani zikachorwa: mitaa ya watu weusi ikawekewa alama ya hatari, na benki zikaikwepa. Mzungu wa kipato cha kawaida alipata mkopo nafuu, nyumba ikapanda bei, watoto wakasomeshwa kwa thamani yake. Mweusi mwenye kipato hichohicho alilipa kodi ya pango. Barabara ya Troost ikawa mpaka ambao kila mtu mjini aliujua.

Ni mantiki ileile ya Meru: mwenye karatasi hukopesheka, anayekopesheka husonga mbele, na aliyesonga mbele husifiwa kwa bidii yake.

Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilipitishwa Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa, na wiki hiyo Kansas City ilikuwa na ghasia na vifo. Mapema 1969 kijana aitwaye Pete O'Neal akaongoza tawi jipya la Black Panther, chama cha watu weusi, mjini hapo. Walipika uji na mayai ya asubuhi kwa watoto wa shule. Walibeba pia bunduki, na O'Neal alimshambulia hadharani kwa maneno mkuu wa polisi, Clarence Kelley, ambaye mwaka 1973 alifanywa mkurugenzi wa FBI. Oktoba 1969 O'Neal alikamatwa kwa kosa la kuvusha bunduki kutoka jimbo la Kansas hadi Missouri, yaani kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine. Mwaka 1970 alihukumiwa miaka minne. Akatoroka na mkewe Charlotte kupitia Sweden na Algeria.

1972–2011: Imbaseni

Mwaka 1972 wakafika Tanzania. Nchi ya Nyerere ilikuwa kimbilio la wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini, na Wamarekani weusi kadhaa waliona hapa ndipo nyumbani. Mapokezi hayakuwa asali tupu. Mwaka 1974 silaha zilipokutwa kwenye shehena ya mizigo yao, Wamarekani weusi wengi walikamatwa kwa kushukiwa ujasusi, na baada ya hapo baadhi yao waliondoka nchini.

Pete na Charlotte walibaki. Walipata ardhi katika kijiji cha Imbaseni, karibu na Usa River, katika nchi ileile ya Wameru iliyowahi kubanwa na mashamba. Walianza na ukulima na ufugaji, wakatengeneza soseji za kuuza. Mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii, UAACC, ambako vijana wa Arumeru walijifunza Kiingereza, kompyuta na sanaa bure. Miaka ya 1990 mawakili waliiomba mahakama ya Marekani iifute hukumu ya Pete, ikakataa.

Mwenzao wa Black Panther, Geronimo Pratt, askari mstaafu wa Vietnam, alikaa gerezani California miaka 27 kwa mauaji ambayo hukumu yake ilifutwa mwaka 1997. Ilibainika kwamba shahidi mkuu dhidi yake alikuwa mtoa habari wa vyombo vya dola, na jambo hilo lilifichwa. Serikali ikamlipa dola milioni 4.5. Naye alikuja Imbaseni, akafia hapo Juni 2011.

Faida iliyobaki

Sheria za ubaguzi zilifutwa, huku na kule. Faida zake hazikufutwa nazo. Takwimu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha familia ya kati ya Kizungu ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya mtu mweusi dola 44,900. Pengo hilo halijatengenezwa na watu wabaya wa leo peke yao. Ni nyumba za mwaka 1940 zilizoendelea kupanda bei.

Kwa Meru umiliki wa rangi uliondoka na walowezi, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na mashamba kutaifishwa. Mfumo wenyewe uliachwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeipa haki ya kimila hadhi sawa na ya hati, na hilo ni jambo kubwa ambalo Wameru wa 1951 hawakulipata. Lakini ardhi yote bado ni ya umma, safari hii chini ya Rais kama mdhamini badala ya Gavana, na anayeweza kuhamisha watu kwa manufaa ya umma ni yuleyule mwenye muhuri.

Wameru walishindwa New York kwa uchache wa kura, ila angalau mlango wa kulalamika ulikuwa wazi kwa mtu wa kawaida. Leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, mwendo wa saa moja hivi kutoka Ngarenanyuki, bila nauli ya meli wala ndege. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi wake kuishtaki serikali huko moja kwa moja. Kirilo wa leo asingefika hata kwenye kizimba, na sababu isingekuwa rangi yake. Ndiyo maana anayetaka kulinda haki zilizopatikana kwa jasho la Meru asitosheke na kuona Mzungu ameondoka. Aangalie nani ana hati, nani anakopesheka, na nani ameachiwa mlango wa kulalamika.